Kishikio cha Ndani

12 Septemba

Shangazi yangu, shikamoo.

Nimefika. Naanza na neno hilo maana nakujua, usipoliona juu kabisa utaruka mistari yote kulitafuta. Nimefika mzima. Begi lilichelewa siku moja nyuma yangu, na ile kamba uliyolifunga nayo ilibidi ikatwe kwa mkasi, kwani hakuna mtu uwanja mzima wa ndege aliyeweza kufungua fundo lako. Bibi hajambo? Mwambie jua la huku lipo, nimeliona kwa macho yangu, ila linakaa mbali kama mkwe.

Kuhusu simu ulisema kweli. Ile ya siku ya kwanza tulilia wote wawili mpaka salio likakatika na hatukusemezana lolote. Basi tuandikiane, simu ibaki ya misiba.

Nimepewa chumba peke yangu, ghorofa ya tatu ya bweni. Kitanda, meza, taa yenye shingo ndefu, na dirisha linalofunguka kiasi cha kupitisha mkono tu. Chini ya dirisha kuna chuma cha kupasha joto, lakini bado hawajakiwasha. Korido ina zulia, ukitembea husikiki, na mimi kutosikika kunanitia wasiwasi.

Tayari nimeshafanya kituko. Jana niliingia chumbani nikaacha kandambili moja nje ya mlango. Sikufikiria hata kidogo, mguu ulijivua wenyewe. Asubuhi haipo. Kumbe jirani wa chumba cha pili ameiokota, ameipeleka kwa msimamizi wa bweni kwenye sanduku la vitu vilivyopotea. Nikaenda kuidai. Hebu fikiria nilivyojieleza, Shangazi: kwamba kwetu tuna chumba cha baridi sokoni, wauza samaki na wauza maziwa wanatuwekea mizigo yao, kwamba mlango wake una komeo la nje tu na ukisukumwa unajifunga wenyewe, kwamba anayeingia huacha kiatu kimoja nje ili aliye nje ajue ndani kuna mtu, na akigongewa afungue. Na kwamba huyo wa nje, tangu nilipojua kusoma, alikuwa mimi. Msimamizi alinisikiliza mpaka mwisho, mpole kabisa. Akasema, "Hapa viatu tunavulia ndani."

Wote mlinitania kwamba baridi itaniogopa, mtoto wa chumba cha baridi. Mpaka sasa bado tunatazamana tu.

Sasa mlangoni anakaa nani?

Mimi Bawabu wako.


3 Oktoba

Bawabu wangu, marahaba.

Barua yako imefika na imesomwa sokoni kote. Muuza juisi ameisoma kwa sauti, akaigiza na sauti ya msimamizi wako, watu wakacheka mpaka mizani ikasahaulika. Anakusalimu, anasema ukirudi umletee theluji kwenye chupa. Bibi yako mzima, magoti tu ndiyo yanamsumbua, na anauliza huko anayekupikia ni nani na kama anajua kupika. Baba yako alipita na lori, akala, akalala kwenye kiti, akaondoka. Nilimwonyesha barua yako akasema mwandiko umenyooka.

Kandambili uivulie ndani kama walivyokuambia. Usije ukaonekana mtu wa ajabu.

Mlango usiniulize. Mlango upo palepale, haujaenda chuo. Nimepata mtu, mlinzi mstaafu, alikuwa analinda benki. Tumeshambandika jina, Bwana Nadhifu, maana tangu afike makreti yamepangwa kwa rangi, na kitu kikianguka chini hakikai, anakiokota anakirudisha kwa mwenyewe. Hata wauza samaki wanapanga mstari sasa. Ungeona usingeamini ni palepale.

Kreti lako la kukalia bado lipo. Anakaa yeye, ingawa analifuta kwanza kwa kitambaa.

Wewe kazi yako ni kusoma hiyo mitambo. Urudi unijengee chumba cha pili, mlango mpana, makapu mawili yapite bila kugombana. Nimeshaona na mahali pake, ubavuni kwa fundi chuma. Kula vizuri. Vaa soksi.

Shangazi yako.


29 Oktoba

Shangazi, shikamoo. Shikamoo na kwa Bibi, na mwambie tunajipikia wenyewe, na hapana, hatujui.

Miti ya huku inanyonyoka. Hakuna aliyeniambia. Nilijua majani hubadilika rangi, picha nimeziona, lakini sikujua ni jambo la haraka hivi, kama nyumba watu wanahama. Ijumaa mti wa mbele ya dirisha langu ulikuwa mwekundu wote, Jumatatu umebaki mifupa. Na jua linaondoka kila siku mapema kuliko jana, bila kuaga.

Nimekaa nikafikiri kwa nini siwezi kutulia, nikagundua. Shangazi, mimi sikuwahi kuijua baridi. Kule kwetu nilikuwa naingia, natoa kapu, vidole vinauma, natoka, jua linanipiga mgongoni, basi, imekwisha. Sasa huku natoka na bado ni ndani. Nafungua mlango wa bweni, ndani. Navuka barabara, ndani. Nimejikuta nazunguka majengo ya chuo natafuta pale ambapo mtu anatoka. Naingia maktaba, nakaa, nanyanyuka. Nakwenda mkahawani, nakaa, nanyanyuka. Pazuri pekee ni chumba cha kufulia kule chini, kwenye mashine za kukaushia nguo. Nimekaa pale mpaka watu wanadhani nimeajiriwa, wananiuliza sabuni.

Ila kuna jambo. Kwenye maabara yetu nako kuna chumba cha baridi. Kidogo kuliko chetu. Mwalimu alituingiza, akafunga mlango, akatuonyesha kishikio upande wa ndani, kikubwa cha kijani, kinang'aa hata taa ikizimwa. Unakisukuma kwa kiganja, mlango unafunguka, hata kama nje wamefunga. Akauliza nani amewahi kufanya kazi kwenye chumba kama hiki. Nikainua mkono. Akauliza, kwenu mnatokaje? Nikashusha mkono.

Nakuomba, mwite fundi chuma atuwekee kishikio cha ndani. Si kazi kubwa. Tafadhali.

Bawabu.


22 Novemba

Mwanangu, marahaba.

Bibi amefurahi kusikia hamjui kupika, anasema basi utarudi. Baba yako hajambo. Sisi wote hatujambo. Mvua imenyesha, paa la soko linavuja upande wa wauza nguo, kelele zao unazijua.

Sasa tuje kwenye hicho kishikio chako.

Chumba hiki nimekifungua wewe hujaota meno. Sijawahi kufungiwa. Muuza maziwa hajawahi kufungiwa. Kishikio cha ndani ni cha mtu ambaye nje hana mtu. Mimi nina mtu. Ninamlipa, anafuta kreti kwa kitambaa. Na kabla yake nilikuwa na wewe, nagonga mara mbili unafungua, na penseli imo mdomoni. Masomo yako yote uliyasomea pale mlangoni, mpaka wakakuita huko uliko. Leo umekaa miezi miwili tu unaniambia nitoboe mlango. Kama unataka kuniambia hurudi, niambie hurudi. Usinitumie ujumbe kwa fundi chuma.

Na mimi nina swali. Umeniandikia karatasi pande zote mbili: miti, jua, mashine za kukausha. Darasa limo mstari mmoja, tena ni la kunisumbua mimi na mlango wangu. Unasoma au husomi?

Vaa soksi.

Shangazi.


16 Desemba

Shangazi, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Bibi, magoti yanaendeleaje? Mwambie theluji imeanguka. Haina kelele hata kidogo. Niliamka nikadhani nimeziba masikio.

Masomo yanaendelea.

Siku hizi giza linaingia kabla sijajua nimeamka. Dirishani naona watu wanakwenda na makoti, vichwa chini, kila mmoja anajua anakokwenda. Mimi navaa, nafika mlango wa chini, nasimama, narudi juu. Navua. Halafu navaa tena. Jirani wa chumba cha pili nikipishana naye ananitabasamia tu, anapita kwa ncha za vidole kama mtu aliyekuta mgonjwa amelala. Wote kwenye korido hii wananipita hivyo. Sijui nimewakosea nini.

Ile kandambili nimeirudisha nje ya mlango. Safari hii sikusahau, nimeiweka makusudi. Hakuna anayeiokota tena.

Kuhusu kishikio tuache. Nina swali moja tu, na nakuomba usinizungushe: nirudi? Ukiniambia rudi, narudi kesho. Sitaona haya. Nitakaa mlangoni kwangu.

Bawabu wako.


12 Januari

Kwako Binti,

Salaam nyingi baada ya salaam. Shangazi yako ananiagiza nikuandikie kwa niaba yake kwa kuwa mkono wake umeteguka katika kunyanyua kreti. Anasema si jambo la kutisha. Mimi ni yule anayesaidia mlangoni. Nitaandika kama anavyotamka.

Anasema: marahaba mwanangu. Bibi mzima, magoti mazima, baba mzima. Muuza juisi amepata mjukuu, amejaa majivuno, hashikiki. Mtambo unafanya kazi vizuri, fundi ameusafisha. Theluji isikutishe, ni barafu tu iliyosagwa, wewe umeikwangua kwenye kuta zetu utoto wako wote.

Anasema: kuhusu swali lako, mwezi huu samaki ni wengi sana.

(Nilimuuliza kama hilo ndilo jibu. Akasema niandike.)

Anasema: makoti na soksi. Na usome.

Ni yeye Shangazi yako, kwa mkono wangu.

Chini ya hapo naongeza la kwangu, yeye hajaliona. Mwandishi wa barua hii anakuomba radhi, Binti, kwa moyo wote.


31 Januari

Shangazi, shikamoo.

Mzee wako ananiomba radhi ya nini? Mwandiko wake umepangwa kama makreti, lakini pale mwishoni kalamu imetetemeka. Mtu haombi radhi kwa kuandika barua. Na wewe hujawahi kuteguka. Uliwahi kuangukiwa na rafu nzima ya maziwa ukanyanyuka unamtukana seremala.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Niambie.

Basi nianze mimi, usije ukasema nakudai kitu ambacho mwenyewe sitoi. Sijaingia darasani tangu theluji ya kwanza. Nilikuandikia kwamba masomo yanaendelea, na ni kweli yanaendelea, bila mimi. Siumwi popote. Nalala, naamka, naona dirisha jeupe, nafikiria ngazi za kushuka na zile za kupanda tena, najifunika. Nimekonda, suruali nafunga kwa mkanda. Naogopa, Shangazi. Sijui ninachoogopa, ndiyo maana inazidi.

Nasubiri.


18 Februari

Shangazi, shikamoo.

Hujajibu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, ulikuwa unaniambia mwenyewe nikinyamaza na kikombe kimevunjika. Nimefunga begi, nimetumia kamba ileile yenye vipande viwili. Nikikosa barua mpaka mwisho wa mwezi ujao, naondoka. Nimeshamwambia msimamizi. Ameniuliza kama nimefikiria vizuri, nikamwambia sifanyi kitu kingine chochote.


23 Februari

Mwanangu,

Mwandiko huu ni wangu, usiucheke. Nimeandika polepole, siku tatu, kalamu naishika kama mwiko. Wote wazima. Marahaba.

Ilikuwa mwanzo wa Januari. Niliingia kupanga samaki wa nyuma. Nikaacha kandambili nje kama kawaida, nikasukuma mlango baridi isitoke. Bwana Nadhifu alikuwa amekwenda kunawa. Nilikuwa nimemweleza habari ya kiatu siku ya kwanza, lakini nilimweleza kwa haraka, nikicheka, kama jambo la watoto. Akarudi. Akaona komeo limekaa sawa na kiatu kimoja kimelala chini. Unajua akafanya nini? Akakiokota. Akasema maskini, kuna mtu anachechemea. Akakipangusa akaanza kuzunguka nacho soko zima kumtafuta mwenyewe, kwa wauza nguo, kwa wauza viazi, kimeinuliwa juu hivi, "Mwenye kiatu! Mwenye kiatu!"

Mimi ndani nagonga.

Feni ile inaguruma, unaijua, hakisikiki kitu. Simu iko mezani nje, na hata ningekuwa nayo haishiki mle ndani. Niligonga kwa mkono, kwa kopo, kwa samaki mgumu. Nilikaa muda gani sijui. Nikaita. Na nitakuambia nilimwita nani, maana hili ndilo lililonizuia kukuandikia. Sikumwita yeye. Niliita, "Bawabu! Bawabu!" mpaka sauti ikakauka. Halafu nikakumbuka uko wapi. Nikakukasirikia, mwanangu. Nilikaa katikati ya samaki wa watu nikakukasirikia kama vile uliondoka bila kuniaga, na ni mimi niliyekufungia begi.

Aliyeniokoa ni muuza juisi. Alikiona kile kiatu mkononi mwa yule mzee, akaitambua ile kamba ya bluu niliyoshonea, akaangusha jagi. Anasema alikimbia kwa namna ambayo hata ujanani hakuwahi. Mlango ulipofunguliwa nilimkuta amesimama na kiatu changu, analia, na Bwana Nadhifu nyuma yake amekuwa mdogo kama kijiko. Tangu siku hiyo mzee wa watu hali vizuri. Nimemwambia kosa ni la aliyemweleza akicheka.

Vidole viwili vya mkono wa kuandikia bado havina hisia. Daktari anasema vitarudi, au havitarudi. Nimemwambia achague.

Sasa umepata sababu ya kurudi, nzuri kabisa, hakuna atakayekulaumu. Ndiyo maana nilikuficha. Uliniuliza nirudi, nikajibu samaki, maana jibu langu lilikuwa bovu pande zote mbili. Nataka urudi. Haya, nimeandika, soma mara moja inatosha. Nataka urudi, na nakukataza.

Fundi chuma amekuja mara mbili na kipimo chake, nimemrudisha. Nikiweka kishikio nitakuwa nimekubali kwamba hakuna mtu wa kufungua. Sijakubali.

Lakini wewe, hebu niambie. Chumba chako huko, mlango wake una kishikio upande gani? Si uko ndani na kishikio kiko ndani? Sasa nani kakufungia?

Shangazi yako.


17 Machi

Shangazi, shikamoo. Shikamoo Bibi. Pole. Pole, pole, pole. Na mwambie Bwana Nadhifu nimempa radhi yake yote, abaki na akiba.

Nilisoma barua yako nimesimama, koti mwilini na begi mguuni. Nilicheka pale pa "mwenye kiatu", halafu nikalia nikiwa bado nacheka, jambo ambalo sikujua linawezekana. Nililia kwa sauti. Na ndipo kwa mara ya kwanza tangu nifike hapa mtu akagonga mlango wangu.

Ni jirani wa chumba cha pili. Ananong'ona, eti anaomba radhi sana, anajua sitaki kusumbuliwa, ila amesikia kilio. Nikamuuliza, nani alikuambia sitaki kusumbuliwa? Akainama akaonyesha kandambili. Mwezi wa tisa alidhani imepotea. Iliporudi mwezi wa kumi na mbili, akaona hapana, huyu ameiweka kwa maana, basi maana yake ni "niacheni." Akaheshimu. Akawaambia na korido nzima: ukiona kile kiatu, pita polepole. Majira ya baridi yote, Shangazi, mimi nimeweka kiatu nje ili watu wajue ndani kuna mtu, na wao wamekuwa wakikiona kila siku na kunyata.

Nilimweleza. Alikaa chini kwenye zulia akashika kichwa. Sasa kila asubuhi ananigongea, tena anagonga vibaya, mara sita saba, kama mtu anayedai kodi. Namfungulia ili anyamaze. Nikishafungua tunashuka wote.

Begi nimelifungua. Si kwa sababu umenikataza, kukatazwa na wewe nimezoea. Ni lile swali lako la mwisho. Nililisoma nikanyoosha mkono, nikashika kishikio cha mlango wangu, nikakaa nimekishika. Kilikuwa baridi kidogo, na kilizunguka.

Nimekwenda kwa mwalimu. Maabara ya muhula uliopita nitairudia yote, na nitakuwa nyuma ya wenzangu. Sawa. Ameniuliza nitaanza na kazi gani. Nikamwambia ninayo. Imo ndani ya bahasha hii, ikunjue polepole: ni mchoro wa kishikio cha ndani, kwa mlango wetu, kwa vipimo ninavyovikumbuka. Niligundua naukumbuka mlango wote, hadi kile kibonyeo pale kapu la muuza maziwa lilipogonga. Mpe fundi chuma. Asiponielewa aniandikie.

Na usinitafsirie tena. Kukuwekea kishikio si kukuambia sirudi. Sijui kama nitarudi, Shangazi. Nikikuambia najua nitakuwa nakudanganya, na tumeshadanganyana vya kutosha baridi hii. Ninachojua ni kwamba siwezi kusoma hata ukurasa mmoja nikiwa nakusikia unagonga.

Theluji inayeyuka. Mti wangu una vidoti vya kijani, bado vimefumbata. Mimi bado sitaki kukaa chini, lakini sasa nanyanyuka na kwenda mahali.

Yule aliyekuwa Bawabu wako.


11 Aprili

Mwanangu, marahaba.

Bibi anauliza kama vidoti vya kijani vinaliwa. Baba yako amepita, ameangalia mchoro wako upande wa juu na upande wa chini, ameomba apewe nakala akae nayo ndani ya lori. Muuza juisi bado hashikiki na mjukuu wake. Kidole kimoja kimeanza kuwasha, daktari anasema kuwasha ndiko kurudi.

Sikutaka. Nataka ujue hilo. Mchoro ulikaa chini ya godoro langu wiki nzima. Kisha siku moja nikampa fundi chuma, nikamwambia aweke haraka kabla sijageuka. Amekipaka kijani kama ulivyoandika.

Alipomaliza nikawaambia wote wasogee. Bwana Nadhifu alitaka kusimama mlangoni, nikamfukuza akatetemekee kwa muuza juisi. Nikavua kandambili nikaiacha nje, mazoea hayana dawa. Nikaingia. Nikaufunga mwenyewe. Feni ikaguruma. Mkono ulitaka kugonga, Bawabu, ulinyanyuka wenyewe, mdomo ukafunguka kuita. Nikaufumba. Nikaweka kiganja pale nikasukuma.

Ukafunguka. Jua likanipiga usoni, na nje hapakuwa na mtu.

Nikatafuta pa kukaa, nikakaa kwenye kreti lako. Miaka yote hii sikuwahi kulikalia, mimi nilikuwa wa kuingia na kutoka. Mlango ulijifunga wenyewe mbele yangu. Nikaangalia ulichokuwa unaangalia wewe kila siku ukitoka shule, mvua na jua, mpaka ukawa mtu mzima. Ni mlango uliofungwa na kiatu kimoja, mwanangu. Hakuna kingine kinachoonekana kutoka pale, hata barabara haionekani.

Kreti nimempa muuza juisi, analitumia kupangia chupa. Soma.

Shangazi yako.